Bwana Chemsha na Maziwa ya Mama Mkwe

Mji mzima ulimwita Bwana Chemsha, na jina lenyewe alilitafuta kwa mdomo wake. Alikuwa bwana mifugo, mrefu, mwembamba, mwenye mabuti ya mpira yanayofika magotini na kipaza sauti alichokifunga kwenye usukani wa pikipiki kwa mpira wa baiskeli. Asubuhi ungemsikia kabla hujamwona: chemsha maziwa, chemsha mpaka yafoke, yakishafoka usiyaepue upesi, chemsha. Watoto walimwigiza wakienda shule. Wauza maziwa wakimwona walikata kona ya kwanza. Mwenye duka la pale njiani alimuuliza kila siku kama soda nazo zichemshwe, na kila siku alicheka peke yake.

Bwana Chemsha hakuwa na muda wa utani. Akikusanya watu kwenye kiwanja cha mnada, aliwaeleza kwa ukali kama vile walikuwa wameshamkosea. Kuna ugonjwa unaitwa brusela. Ng'ombe akiupata hutupa mimba. Mtu akinywa maziwa yake mabichi, au akimshika kwa mikono mitupu ndama aliyetupwa, homa inamwingia, inatoka, inarudi, mgongo unamuuma, jasho linalowesha shuka. "Na mama mjamzito," alimalizia huku amenyanyua kidole, "huyo ndiyo kabisa asiguse. Mimba inaweza kutoka." Wanawake waliguna, wanaume walikuna vichwa, kisha watu wakarudi makwao kuchemsha maziwa.

Haya. Na mtu huyo huyo, kila Jumapili jioni, alikuwa akinywa maziwa mabichi kwa mama mkwe wake. Kopo zima, limejaa pomoni, povu linamgusa pua.

Usianze kumcheka kabla hujamjua mama mkwe mwenyewe. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mjane, mfupi, mwenye sauti ambayo haijawahi kuhitaji kipaza. Nusu ya wakubwa wa mji ule walipita mikononi mwake, na hadi leo wakikutana naye sokoni huzima sigara na kuchomekea mashati. Alipostaafu alinunua ng'ombe mmoja, akamwita Malkia, naye akamfundisha nidhamu. Wakati wa kukamuliwa Malkia alisimama wima na hakuthubutu kupunga mkia. Mkwe akifika Jumapili, kabla hajaketi, aliitwa bandani kusalimia. Huko alimkuta mama mkwe ameshachuchumaa, anakamulia moja kwa moja ndani ya kopo la bati, na likijaa anamnyooshea. "Pokea, mkwe. Yangali ya moto."

Wewe ungesema nini? Ungemwambia mama aliyekuzalia mke kwamba kopo lake lina mashaka? Bwana Chemsha alipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo, akanywa hadi tone la mwisho, akasema asante mama. Mke wake hakuyaona hayo hata siku moja. Alipigwa teke na ng'ombe wa jirani alipokuwa mtoto, na tangu hapo hajakanyaga banda lolote. Jumapili alikuwa jikoni anakata vitunguu, akidhani mumewe yuko nje anapiga soga na mama.

Basi mwanamume akajitengenezea maelezo yake. Malkia ni msafi, tazama ngozi inavyong'aa. Malkia hachangamani na ng'ombe wengine. Malkia hana sura ya ugonjwa. Maneno hayo hayo, akiambiwa na mfugaji mwingine, aliyacheka waziwazi, kisha akatoa sindano na kuchukua damu. Alishapima ng'ombe wa mkuu wa polisi, wa mwenye kinu cha kusaga, hata wa yule mzee mwenye mbwa wakali. Wa mama mkwe alimruka. Angeingiaje kule na sindano, kana kwamba anamshuku? Akisukumwa sana na dhamiri, aliiambia wiki ijayo.

Kisha Malkia akatupa mimba. Ndama alitoka kabla ya siku zake, ameshakufa. Mama mkwe alimweleza kwamba ng'ombe aliteleza, sakafu ilikuwa na maji. Kwingine kokote Bwana Chemsha angefunga geti, angemwaga dawa, angefukia, angepiga kelele zisikike mtaa wa tatu. Pale alisema, "Pole sana, mama." Jumapili iliyofuata kopo likaja, naye akapokea kwa mikono miwili.

Homa ilimwanza taratibu. Akameza dawa za malaria, homa ikaenda zake, akashukuru. Ikarudi. Akaambiwa ni taifodi, akameza za taifodi, ikaondoka, ikarudi tena na maumivu ya kiuno yaliyomfanya ashuke kwenye pikipiki kwa awamu, mguu mmoja, kupumzika, halafu wa pili. Wenzake kazini walikuwa na jibu lao. Mke wake ni mjamzito, walisema, na mimba imemkaa mume. Walimuuliza kama anatamani udongo au ndimu, na mmoja akamwekea mto kwenye kiti.

Ni kweli mke alikuwa mjamzito, na hilo halikuwa jambo dogo. Walikuwa wamesubiri miaka mingi. Mashangazi walishauliza, majirani walishauliza, mpaka watu wakaacha kuuliza, na hapo ndipo palipowauma zaidi. Mke alikuwa fundi cherehani, na katika miaka hiyo alishona nguo za watoto wa watu bila kuinua uso. Mimba iliposhika hawakumwambia mtu, waliiacha ijitangaze yenyewe. Sasa ilikuwa kubwa, miguu imemvimba, na muuguzi wa kliniki alikuwa amemwagiza apumzike. Akaenda kupumzika kwa mama yake kwa sababu nyumba ile iko jirani na kliniki. Bwana Chemsha ndiye aliyembebea begi. Alirudi nyumbani na homa yake, lakini akipiga mluzi, kwa kuwa mke na mtoto walikuwa kwenye mikono salama.

Siku moja akaenda maabara ya mifugo kupeleka damu za ndama. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja chenye friji linalonguruma, na mwenye nayo alikuwa mama mmoja mtu mzima ambaye kila mtu, mpaka mkurugenzi, alimwita Shangazi. Bwana Chemsha aliweka kasha mezani, akakaa kwenye stuli, akaegemeza paji la uso kwenye friji kwa ajili ya ubaridi.

"Toa mkono," Shangazi akasema.

"Shangazi, hii ni maabara ya ng'ombe."

"Na wewe una tofauti gani nao? Homa imekuganda, wewe unatafuna tu kila unachopewa. Toa mkono."

Akatoa. Shangazi alichukua damu, akaizungusha kwenye mashine mpaka maji yake yakajitenga, akadondosha tone moja la maji hayo kwenye kigae cheupe. Pembeni akadondosha tone la dawa ya rangi ya waridi, akachanganya kwa kijiti, akaanza kukiyumbisha kigae taratibu. Bwana Chemsha alikijua kipimo hicho nje ndani. Mtu au ng'ombe mwenye afya, tone lake hubaki laini. Mgonjwa tone lake hukatika vipande vipande, kama maziwa yaliyoharibika jikoni. Alishawaonyesha wafugaji wengi, wao wakitetemeka, yeye akiwaambia wasiogope, ni sayansi tu.

Tone lake likakatikakatika mbele ya macho yake.

Shangazi alikuwa ameandaa utani, na alionekana akiumeza. Alikiweka kigae chini. "Nenda hospitali ya watu, wahakikishe, wakupe dawa. Lakini mimi na wewe tumeshaona. Umekunywa wapi?"

Bwana Chemsha aliinuka kwenye stuli. Homa yake mwenyewe ilishamtoka akilini. Alikuwa akimwona mke wake kwenye kiti cha mama mkwe, miguu imepandishwa kwenye mto, na kopo la bati linamfuata asubuhi na jioni, lingali la moto. Na huyu mtoto waliyemsubiri miaka yote hiyo yuko humo humo ndani. Roho ilimruka. Akatoka nje, akapiga simu ya mke, ikapokelewa na mama mkwe.

"Amelala, mkwe. Nimempa maziwa, kikombe kimejaa, kakimaliza chote, kalala. Mtoto naye anacheza huko tumboni utadhani yuko uwanjani."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa moja, na alikuwa akilitangaza barabarani kila siku iendayo kwa Mungu. Akafungua mdomo. Kilichotoka ni, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini, mbona unahema?"

"Nakuja," akasema, akakata simu kabla adabu haijamwongezea ujinga mwingine.

Njiani akawa anajifundisha maneno. Alijua akifika mbele ya yule mama ulimi utajikunja, kwa hiyo aliona bora ayatamke kabisa, ayazoee. "Mama, nakuheshimu sana," akaanza. "Mama, ng'ombe wako ni mgonjwa. Hapana. Mama, ng'ombe wako ni mzuri sana, ila. Mama mkwe, naomba usinifukuze, maziwa yako..." Akashangaa kuona watu wamesimama kando ya barabara wanamtazama kwa huruma. Mwanamke mmoja mwenye ndoo kichwani alikuwa akimtikisia kichwa kwa masikitiko. Alipofika dukani ndipo alipogundua kwamba kipaza sauti kilikuwa wazi tangu alipoondoka maabara, na mtaa mzima umeshasikia anavyomwogopa mama mkwe. Mwenye duka kwa mara ya kwanza hakucheka. "Mwambie tu, kaka," alisema. "Hakuna njia nyingine." Bwana Chemsha akakizima, masikio yanamwaka moto, akaongeza mwendo.

Mama mkwe alikuwa bandani. Alimwona mkwe wake anaingia getini amelowa jasho, macho mekundu, kiuno kimepinda, na kama mama yeyote mwenye huruma akaamua mtu huyu amepungukiwa nguvu. Akavuta kopo, akachuchumaa, akakamua. Bwana Chemsha alipofika mlangoni na hotuba yake, kopo lilikuwa limeshamtangulia.

"Kabla hujasema lolote, kunywa. Utasema ukiwa na nguvu."

Na mikono, hebu iangalie mikono ya mtu, ikapokea. Yote miwili. Akajikuta ameinama vilevile kama kila Jumapili. Akatazama lile povu. Nyumbani kwa mama mkwe hakuwahi kukataa kitu, si chakula, si kiti, si ushauri. Sasa mama mkwe alikuwa akimtazama kwa macho yaliyokuwa yakituliza darasa zima bila neno.

"Hapana, mama," akasema.

Ilitoka ndogo, ya puani. Malkia mwenyewe aligeuza shingo.

"Umesema?"

"Nimesema hapana. Sinywi. Na mke wangu asinywe tena. Malkia ana brusela, mama. Mimi ninayo, nimepimwa leo. Nilikuwa nakunywa kwa sababu nakuogopa, sikuwa napenda, niliogopa utaniona sina adabu. Na sasa mwanangu yumo humo, na mimi ndiye niliyembeba mama yake nikamleta hapa, na begi nikalibeba." Hapo sauti ikamkatika. Bwana mzima, na mabuti yake, akalia amesimama, na lile kopo bado amelishika kwa mikono miwili.

Mama mkwe aliinuka polepole, mkono kwenye goti. "Mke wako amekunywa nini?"

"Maziwa. Umeniambia mwenyewe kwenye simu."

"Nimempa maziwa yaliyochemshwa, mtu wewe." Alimnyang'anya kopo, akalimwaga kwenye shimo la kinyesi. "Nyumba hii hainywi mabichi. Hainywi tangu siku ya kwanza ulipopita hapa na kile kidude chako cha kelele. Nilijisemea, mkwe wangu ni mtu wa heshima, hawezi kuniambia usoni, ndiyo maana anapiga kelele barabarani ili nisikie. Nikasikia. Siku hiyo hiyo nikanunua sufuria jipya."

Machozi ya Bwana Chemsha yalisimama njiani. "Sasa mimi, mama? Kila Jumapili?"

"Wewe ni mtaalamu. Si mnachanja ndama kutwa nzima? Nilijua mmeshajichanja wenyewe kwanza." Mama mkwe aliongea kwa ukali, lakini ukali ulikuwa umeanza kuyumba. "Na ulivyokuwa unapokea, unamaliza mpaka povu, nikasema huyu ndicho anachokipenda, mimi ni nani nimnyime. Mara nyingine mkono unaniuma, nasema hapana, lazima mkwe apate yake."

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Katika mji mzima uliosikia kile kipaza sauti, aliyekuwa akinywa mabichi kwa uaminifu, wiki baada ya wiki, alikuwa mwenye kipaza sauti. Ukitaka kucheka, sasa cheka.

Mke alicheka. Kelele zilikuwa zimemwamsha, akatoka hadi uani akiwa peku, tumbo mbele, akasimama mbali na banda kama kawaida yake na kutaka aelezwe. Walimweleza wote wawili kwa pamoja, kila mmoja akijitetea. Alicheka hadi akashika ukuta. Alicheka hadi mama yake akaogopa atajifungua pale pale. Kisha kicheko kikaisha, na uso ukabaki bila kitu.

"Mimi nilichemsha," akamwambia mumewe. "Miaka yote. Hata ugenini nilikuwa naomba yachemshwe, wananiona najidai. Nilimwamini mtu wa kwenye kipaza sauti. Kumbe wewe mwenyewe humwamini."

"Namwamini," alisema Bwana Chemsha kwa sauti ya chini.

"Na kama mama angekuwa mtu wa mabichi? Ungeniacha ninywe mpaka lini? Mpaka upate ujasiri?" Akaweka mkono juu ya tumbo. "Huyu angekuja kunikuta mimi peke yangu, nimweleze baba yake alikufa kwa adabu. Au asingekuja kabisa."

Bwana Chemsha alisema amekosa, na akasema anaona aibu, na akasema tangu atoke maabara moyo wake haujakaa mahali pake. Mke alimsikiliza. Hakumwambia yaishe.

"Malkia hakuteleza," mama mkwe akasema ghafla. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake, na kwa jinsi alivyosimama, ungedhani kaitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. "Sakafu ilikuwa kavu. Nilimvuta yule ndama kwa mikono yangu hii, nikamfukia mwenyewe. Nilijua nikikwambia utamchukua ng'ombe wangu. Na mimi nilikuogopa wewe."

Mke aliwatazama, mama yake na mume wake, mmoja baada ya mwingine. "Nyinyi wawili mmepatana kweli," akasema, akarudi ndani kupandisha miguu yake.

Jioni ile Bwana Chemsha alichukua damu za wote, ya ng'ombe, ya mama mkwe, na ya mke wake, ambaye alitoa mkono na kugeuza uso upande wa pili. Shangazi alipima bila kuuliza swali. Ya Malkia ilikatika. Ya mama mkwe ikakatika pia, na yale magoti yaliyokuwa yakimuuma, aliyoyasingizia uzee, yakapata jina lake. Tone la mwisho Shangazi aliliyumbisha kwa muda mrefu kuliko kawaida, na Bwana Chemsha alilitazama mpaka macho yakamwasha. Lilibaki laini. Shangazi akaliyumbisha tena ili wawe na hakika. Laini. Bwana Chemsha alikaa chini kwenye sakafu ya maabara, akacheka na kulia kwa zamu, na Shangazi akamruka kwenda kunawa mikono. Hospitali ya watu nayo ilirudia vipimo, na majibu yakawa yale yale.

Malkia alichukuliwa, kama walivyochukuliwa wote waliokutwa na ugonjwa ule. Mama mkwe alimshika kamba mwenyewe hadi kwenye lori, hakutaka mtu mwingine amguse. Lori lilipoondoka aliingia chumbani akafunga mlango, na mkwe wake akabaki sebuleni siku nzima, hakuthubutu kugonga wala kuondoka. Baada ya hapo wakawa wanaenda hospitali pamoja kwa dawa na sindano, mkwe na mama mkwe kwenye benchi moja, kila mmoja akimsihi mwenzake atangulie. Wauguzi, waliposikia habari ya kopo, waliwaita wagonjwa wa Jumapili.

Mke ndiye aliyetoa hukumu. Mume wake, alisema, hana shida ya elimu, ana shida ya ulimi, na ulimi unafundishika. Kila atakapokuja pale, mama atampa kitu, na yeye atakataa. Hata kama anakitaka. Atakataa mpaka azoee. Mama mkwe aliipokea kazi hiyo kwa furaha ambayo haikufichika, maana hajafundisha siku nyingi na ng'ombe wake kaondoka. Akavaa miwani, akaandaa sahani ya nyama iliyonona, akaisogeza mezani. "Karibu, mkwe."

"Hapana, mama. Ila labda kipande kimoja."

"Rudia."

"Hapana, mama, asante, Mungu akubariki, samahani."

"Hiyo haina mgongo," alisema mama mkwe. "Umekataa halafu umelala chini. Rudia."

Alirudia. Siku nyingine alikataa kiti akasimama hadi chakula kikaisha, siku nyingine alikataa chumvi aliyokuwa anaihitaji. Mara kwa mara alishindwa kabisa, akala, akashukuru, na mke wake kwenye kochi akatikisa kichwa bila kuinua macho kwenye kijinguo alichokuwa anashona. Alikuwa ameanza kumtania tena, kidogo kidogo, lakini hakuwa amesahau. Bwana Chemsha alilijua hilo. Akimkuta amesinzia kwenye kochi, mkono uko tumboni, aliona haya hata kumgusa.

Uchungu ulimshika mke alfajiri, na jua lilipopanda sawasawa mtoto alikuwa ameshazaliwa kliniki, wa kike, mzito, mwenye nywele za kuchana. Mke alikuwa amelala ubavu kitandani, midomo imekauka, hana nguvu ya kusema. Bwana Chemsha alikuwa kwenye stuli pembeni, mtoto mikononi, amemkodolea macho na hathubutu kupumua kwa nguvu. Ndipo mama mkwe alipoingia. Alikuwa amevaa nguo ya sherehe, mkononi ana chupa ya chai na kijiko kilichofungwa kwenye kitambaa safi.

Alimtazama mjukuu wake, na machozi yakamshuka bila ruhusa. Kisha akafungua chupa. "Ana kiu, mtazame anavyotafuta. Ni kijiko kimoja tu, apate nguvu wakati mama yake anapumzika. Ni maziwa ya kwa jirani, ng'ombe wake amepimwa na wewe mwenyewe. Nimechemsha, mkwe, nimechemsha mpaka sufuria limeungua." Akasogeza kijiko.

Mke alifumbua macho. Hakumtazama mama yake. Alimtazama mume wake.

"Hapana, mama," Bwana Chemsha akasema.

Mama mkwe alisubiri yaliyobaki. Alishayazoea, ile ila, ile labda, ile samahani. Hakikuja kitu. Mkwe wake alikuwa amemfunika mtoto kwa kiganja na anamtazama usoni, kwa upole, kama mtu anayesubiri swali linalofuata.

"Ni mjukuu wangu huyu," mama mkwe akasema.

"Ni wako. Na atanyonya kwa mama yake tu."

Mama mkwe akakirudisha kijiko kwenye kitambaa, akafunga chupa, akavuta kiti akaketi upande wa pili wa kitanda. "Haya, baba," alisema, na alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Bwana Chemsha akainuka, akamlaza mtoto kifuani kwa mama yake. Mke aliushika mkono wa mumewe, akauweka juu ya mgongo wa mtoto, akafumba macho, akalala.